Binti wa Mwalimu Kitheka Avuka Mlima wa Theluji

Jumapili hiyo ya mwaka 1998, Mzee Laban alimaliza chai yake, akafuta masharubu, akasema ana neno. Munyiva akavuta kiti, akakaa wima. Alikuwa mjane wa Mwalimu Josphat Kitheka, mdogo wake Laban, na aliwajua wanaume wa ukoo ule: neno lililosubiri mpaka chai iishe halikuwa la kusalimiana.

"Nasikia Nthenya anapelekwa Ulaya," Laban alianza.

"Anakwenda, hapelekwi," Munyiva akamrekebisha. "Ni mpango wa kubadilishana walimu. Anakwenda Norwei mwaka mzima."

"Sawa. Kwenda sina ubishi nako. Lakini naambiwa huko atakuwa akijifunga mbao miguuni na kuteleza kwa milima. Mama Nthenya, huyu mtoto ako na digrii! Kama ni kuteleza, matope ya Aprili hapa Masii hayamtoshi?"

Nthenya alikuwa ameketi pembeni akichambua ndengu kwenye sinia. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa jiografia katika shule ya wasichana, na kicheko kilimponyoka kabla hajakizuia.

"Baba mkubwa, si kuteleza ovyo. Unapanda mlima na hizo mbao, halafu unashuka nazo. Hakuna barabara, hakuna mashine ya kukuvuta. Ni wewe na miguu yako."

"Yaani unapanda ili ushuke."

"Ndiyo."

"Na huko juu unaenda kuchukua nini?"

"Hakuna kitu cha kuchukua."

Laban alimgeukia Munyiva, akatandaza viganja kama wakili aliyemaliza kesi. "Umesikia mwenyewe. Ataanguka, atavunjika mguu, watamrudisha akiwa kwa kiti cha magurudumu, na soko lote litasema watoto wa Kitheka walisoma mpaka wakapoteza akili. Kabla ya Pasaka atakuwa amerudi. Mimi nimesema."

Munyiva alikuwa amefundisha Kiingereza kwa miaka mingi, wala hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Shemeji," alisema, "wakati wa Pasaka watu wa shule atakayofundisha wanavuka mlima mzima, kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Nthenya atavuka pamoja nao. Na picha italetwa hapa, uitazame ukinywa chai yangu."

Mkono wa Nthenya ukasimama katikati ya ndengu. Alikuwa amemwambia mama kwamba safari kama hiyo ipo. Hakusema kwamba yeye atavuka. Lakini neno la Munyiva likishatoka mbele ya mkubwa wa ukoo, halikuwa tena maongezi ya chai. Wiki haikuisha kabla kina mama wa kanisa hawajalipata, na mmoja wao alimsimamisha Nthenya mbele ya duka la mbegu.

"Wee Nthenya, ni kweli utavuka huo mlima wa barafu?"

"Nitajaribu, mama."

"Kujaribu? Mama yako hakusema kujaribu. Sasa usiende ukatuketia jikoni ukiota moto, eti mwalimu."

Huko Masii jina la Kitheka lilikuwa na uzito wake. Mwalimu Kitheka alikuwa mkuu wa shule aliyejenga madarasa kwa mawe wakati wengine bado walikuwa wakijenga kwa matofali mabichi. Binti zake walivaa soksi safi. Hata hivyo alisisitiza wakateke maji kama wasichana wengine, kwenye mashimo yaliyochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, na wayabebe jinsi Wakamba wanavyobeba: mtungi mgongoni, na mukwa, ule mkanda wa ngozi unaoshika mzigo, umepita juu ya paji la uso. Munyiva hakulipenda jambo hilo. Yeye aliona kwamba elimu ilikuja ili mukwa uondoke kwenye vichwa vya watoto wake. Lakini Mwalimu alikuwa hasikii la mtu, na Nthenya akabeba maji mpaka alipokwenda bweni.

Habari za mbao za theluji zilikuwa zimeletwa na Torunn. Huyu alikuwa Mnorwei aliyefundisha hisabati pamoja na Nthenya, mwanamke mrefu mwenye pua iliyokuwa ikibabuka jua kila mwezi wa pili. Kiswahili chake alikiokota Masii pamoja na lafudhi yake, kiasi kwamba Mkamba akimsikia nyuma ya ukuta angemuuliza yeye ni wa ukoo gani. Kwao kazi yake ilikuwa kuongoza watu milimani wakati wa baridi, na mwaka huo alikuwa akirudi huko, kwenye shule ndogo iliyo chini ya mlima. Nthenya angefundisha huko habari za Afrika, naye angefundishwa skii, ndizo hizo mbao za theluji.

"Tuanzie hapa," Torunn alisema likizo ya Agosti ilipofika. "Mwili uzoee."

Walikwenda kwa fundi wa vitanda wakamchorea mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda kidogo mbele. Fundi aliugeuza mchoro juu chini.

"Hiki ni kitanda cha nani?"

"Si kitanda," alisema Nthenya. "Ni viatu."

Fundi alimtazama Torunn, akamtazama Nthenya, akachukua kipimo. "Mwalimu, mimi nilisomeshwa na baba yako. Nitatengeneza. Lakini mtu akiuliza, mimi sijui ni za nini."

Walizitia kanda za mpira wa gurudumu za kushika miguu, wakazipeleka milima ya Iveti, juu ya mji wa Machakos, mahali ambapo misitu ya paini imeangusha majani makavu, membamba kama sindano, mpaka ardhi ikawa laini kama zulia. Hapo Nthenya alijifunza kuteleza, na wenye kupita wakapata sinema ya bure.

"Madam, breki iko wapi?"

"Niaje mwalimu! Hizo mbao unauza ama unazika?"

"Mwacheni! Anatafuta shilingi imempotea."

Hakuwa akitafuta kitu, ila pua yake ilikuwa ardhini mara kwa mara. Majani ya paini hayana uaminifu: mbao huteleza vizuri, ghafla zikanasa, na aliye juu yake akaruka mbele kichwa kikitangulia. Nthenya hakuhitaji kuambiwa mara nyingi. Alianza kukaa nyuma, amekunja magoti, uzito wote kwenye makalio, kama mtu anayeshuka njia ya mawe. Mbao ziliponasa, yeye alibaki mahali pake. Likizo ilipokaribia kwisha alikuwa akitoka juu mpaka njiani bila kuanguka, na wale wale vijana wa niaje walimpigia makofi.

"Theluji si kama majani," Torunn alimwonya.

"Mlima ni mlima," Nthenya akajibu, akijipangusa magoti.

Aliondoka Kenya akiwa na hakika kwamba kazi nusu ameshaimaliza.

Huko Norwei theluji ilikuwa imefunika kila kitu isipokuwa vichwa vya miti. Skii zenyewe zilikuwa nyepesi, na kiatu kilishikwa kwa mbele tu wakati wa kupanda, kisigino kikiinuka kwa kila hatua. Wakati wa kushuka kisigino nacho kilifungwa. Chini ya kila skii walibandika ukanda wenye manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja. Nthenya alipitisha kiganja akaelewa mara moja: ni kama ngozi ya mbuzi, ukipapasa kuelekea mkiani ni laini, ukirudisha mkono inakukataa. Manyoya hayo yaliacha skii iende mbele, yakaizuia isirudi nyuma.

Kila mwanafunzi alipewa pia kifaa kidogo cha redio cha kuvaa kifuani, koleo, na fimbo ndefu ya kukunja. Theluji ya mlimani huweza kukatika na kuporomoka, na anayefukiwa hutafutwa kwa vitu hivyo vitatu.

"Ambulensi haitawahi kufika," Torunn aliwaambia. "Mwenzako ndiye ambulensi."

Walizika kifaa, wakakitafuta, wakazika tena. Nthenya alikuwa hodari katika hilo. Aliyezoea kunyamazisha darasa la wasichana arobaini alijua kugawa kazi kwa sauti tulivu: wewe chimba, wewe shika fimbo, wewe nyamaza. Hapo hakuna aliyemshinda.

Ila kwenye mteremko wenyewe mambo yalikuwa mengine. Siku ya kwanza ya kupanda aliinama mbele, kifua kikitangulia, kama alivyopanda vilima maisha yake yote. Skii zikamponyoka kwenda nyuma, akalala kifudifudi.

"Simama wima!" Torunn alimpigia kelele. "Weka uzito kwa kisigino! Manyoya hayashiki kama hujayakanyaga!"

"Nani anapanda mlima akiwa wima kama mlingoti?"

"Wewe. Kuanzia leo."

Hilo alilizoea, kwani kusimama wima kulikuwa katika damu ya nyumba yao. Kushuka ndiko kulikomkataa. Akiona mteremko, mwili wake ulikaa nyuma wenyewe, kama Iveti, na skii zikakimbia mbele bila yeye, kama punda aliyekata kamba. Aliangukia ubavu, akaangukia mgongo, akauvunja mshipi wa kiunoni wa begi lake.

"Inama mbele, Nthenya! Kifua juu ya vidole vya miguu!"

"Nikiinama nitakula theluji!"

"Hiyo ni Iveti inaongea. Hapa hakuna kunasa."

Alijua Torunn anasema kweli. Kichwa kilikubali, mwili ukakataa. Na mwezi wa tatu ulipoanza kwisha, Torunn aliwakusanya wote akatangaza sheria. Safari ya Pasaka ingewapitisha mahali ambapo asiyeweza kusimama angewaingiza wengine hatarini. Kwa hiyo kila mtu angeshuka mteremko ulio nyuma ya shule na mzigo wake wote, asimame penye fimbo nyekundu. Asiyesimama angebaki amsaidie mpishi.

"Urafiki ni urafiki," alimwambia Nthenya baadaye, kwa Kiswahili, ili wengine wasielewe. "Lakini mlima haujui tumekula pamoja githeri."

Jikoni. Akilini Nthenya aliliona duka la mbegu, akamwona na yule mama wa kanisa mbele yake, mkono kiunoni.

Siku hizo hizo simu ya shule ililia. Munyiva alikuwa amekwenda posta ya Machakos, amevaa vizuri kana kwamba simu ina macho.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, unakula?"

"Nakula, mwaitu," Nthenya akamjibu mama yake kwa Kikamba.

"Baba yako mkubwa anaulizia mguu."

"Mwambie uko."

"Mmoja ama yote miwili?"

"Yote miwili, mwaitu."

"Vizuri. Na mlima?"

"Kupanda nimeweza. Kushuka bado."

"Kushuka? Kushuka kunamshinda nani? Hata jiwe linashuka."

"Jiwe halisimami, mwaitu. Mimi wanataka nishuke, halafu nisimame."

"Basi simama. Nimeshamwambia mchungaji siku mtakayovuka. Kanisa litawaombea."

"Mwaitu! Umemwambia mchungaji?"

"Aliniuliza. Ulitaka nimdanganye mchungaji?"

Simu ikakatika.

Siku moja kabla ya jaribio, bomba la maji la shule likaganda. Wanafunzi wakawa wanapokezana kwenda kwenye chemchemi iliyokuwa juu kidogo, ambako maji yalitiririka chini ya barafu, na zamu ya Nthenya ikafika. Alijaza mtungi wa plastiki, akautia ndani ya begi. Lakini begi lisilo na mshipi wa kiuno lilimyumbisha kushoto na kulia mpaka akakasirika. Akalivua. Akatoa shali yake ndefu ya sufu, akaipitisha chini ya begi, akafunga ncha zake, akaweka sehemu pana juu ya paji la uso. Mikono ilifanya hayo yote bila kumuuliza.

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alimtazama kwa wasiwasi. "Nthenya, unaumwa na kichwa?"

"Hapana. Nabeba maji."

Akafunga visigino, akaelekeza skii chini.

Mzigo ulimvuta kichwa nyuma papo hapo, na shingo ikajibu kama ilivyojibu kwenye mchanga wa mto alipokuwa msichana: ikakaza, ikasukuma mbele, kifua kikaifuata. Mwenye mukwa hawezi kukaa nyuma. Akikaa nyuma mzigo unamtupa chali na maji yanamwagika. Kifua cha Nthenya kilikuwa juu ya vidole vya miguu, mahali pale pale Torunn alipokuwa akipapigia kelele miezi yote ile, na skii zikamsikia. Aligeuza magoti kulia, zikaenda kulia. Akageuza kushoto, zikaenda. Mlangoni kwa mpishi alizikingamisha, zikakwangua theluji, zikasimama.

Hakuna tone lililomwagika. Alisimama pale akipumua moshi, kisha akaanza kucheka peke yake. Mpishi alipokea maji bila kuelewa kitu, na kabla hajashukuru, Nthenya alikuwa anapanda tena.

Siku ya jaribio alishuka akiwa na mzigo wake wote, shali juu ya paji, shingo imekaza. Hakushuka kwa madaha kama wale waliozaliwa na theluji, lakini alishuka, na alisimama penye fimbo nyekundu, akaigusa kwa mkono kama anayemsalimu mtu.

Torunn alimsogelea. "Hii ni nini kichwani?"

"Mukwa."

Torunn aliiangalia ile shali. Alikuwa ameishi Masii miaka mitatu, na kila asubuhi wanawake walipita mbele ya mlango wake na mitungi mgongoni. Aliketi kwenye theluji akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Na mimi nilikupeleka kwa majani ya paini!"

"Ulinipeleka."

"Basi Pasaka tunaenda. Na hiyo kitu usiitoe."

Walivuka. Walipanda kwa mistari mirefu ya kukata kona, mmoja nyuma ya mwingine, na Nthenya alipanda wima kama mama yake akienda mbele kanisani. Juu kabisa Torunn alichimba shimo, akapapasa ukuta wa theluji kwa mkono, akawaonyesha tabaka legelege lililolala chini ya tabaka gumu. Nthenya, mtoto wa nchi ya matuta, aliona jambo analolijua: udongo mpya uliomwagwa juu ya mwamba na kusubiri mvua ili uporomoke. Torunn alikataa mteremko ule uliokuwa ukiwaita kwa uzuri wake, akawapitisha kwenye mgongo wa mlima, njia ndefu yenye upepo, na hakuna aliyenung'unika. Kisha ikaja kushuka. Nthenya alianguka mara moja mbele ya wote, akainuka, akaweka shali sawa, akaendelea mpaka chini, ambako ziwa lilikuwa limeganda na safari imekwisha. Hapo Torunn akampiga picha.

Nthenya aliporudi nyumbani, Munyiva alitaka kuiona picha hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliishika pembeni kwa vidole viwili, akaitazama, na uso wake ukabadilika.

"Nthenya. Kamera yote hiyo, na hukupata nafasi ya kutoa hicho kitu kichwani? Watu watasema tulikupeleka Ulaya kuteka maji."

"Mwaitu, bila hicho ningekuwa jikoni."

"Jikoni gani?"

Nthenya akamweleza yote, tangu Iveti mpaka kwenye fimbo nyekundu, na mgongo ulivyokaa nyuma, na shingo ilivyokumbuka. Munyiva alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye picha. Mwishowe alisema tu, "Baba yako alikuwa hasikii la mtu," akaenda kuteleka chai, kwa maana Laban alikuwa ameshaonekana langoni.

Mzee Laban alianza na miguu ya Nthenya. Aliitazama yote miwili, akaridhika, akaketi. Picha ikawekwa mkononi mwake pamoja na kikombe, kama alivyoahidiwa. Alivaa miwani.

"Hii nyeupe yote ni theluji?"

"Yote, baba mkubwa."

"Na hiki kitu kichwani mwa mtoto ni nini?"

Nthenya alifungua mdomo, lakini Munyiva alikuwa amemtangulia, ameketi wima, sauti yake ikiwa ile ya darasani. "Ni mukwa, shemeji. Au umesahau mama yako alivyokuwa akibeba?"

Laban aliisogeza picha karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Kwa hivyo amevuka."

"Amevuka."

"Na huko juu hakuchukua kitu."

"Hakuchukua."

"Hm." Alikunywa chai, akairudisha picha kwa mikono miwili. "Itafutieni fremu yenye kioo. Vumbi la Masii litaiharibu. Na hiyo chai, Mama Nthenya, ongeza."

Nthenya bado anafundisha jiografia, na siku hizi ni naibu wa mkuu wa shule. Zile mbao za fundi wa vitanda zimekuwa rafu ya vitabu nyumbani kwake. Picha hakupewa aende nayo. Iko sebuleni kwa Munyiva, upande wa kulia wa picha ya Mwalimu, mahali ambapo mtu aliyekuja na maneno ya sokoni hana budi kuiona kabla hajapewa kiti.